Tufaha Halitaki Upepo Mapema

Chakula ninachokipika mara nyingi zaidi kwenye kikaangio cha hewa si chipsi wala kuku, ni kitindamlo cha matunda ya moto, na sababu yake ni mama yangu. Meno yake mengi yameondoka. Tufaha bichi hawezi kulitafuna tena, na tufaha ndilo tunda analolipenda kuliko yote. Alipohamia kwetu nikaanza kumpikia matunda jioni baada ya chakula, bakuli dogo la kutosha watu watatu. Kuwasha oveni nzima kwa ajili ya matufaha matatu ni kupoteza umeme na kungoja bure, ilhali kikaangio kipo pale pale mezani na kinapata moto ndani ya dakika chache. Ila mashine hii na tunda hazina nia moja. Kazi ya mpishi ni kuzipatanisha.

Ndani ya kikaangio cha hewa hakuna kukaanga kokote. Ni oveni ndogo yenye koili ya moto juu na feni inayozunguka kwa kasi karibu nayo. Feni inasukuma hewa ya moto kuzunguka kikapu, inapenya kwenye matundu ya chini, inarudi juu, na mzunguko unaanza upya. Kampuni ya Philips ilipoionyesha mashine yake mjini Berlin mwaka 2010, ahadi iliyowavuta watu ilikuwa chipsi zinazokauka nje kwa mafuta kidogo sana, na umbo la mashine linalenga jambo hilo: kuondoa maji kwenye uso wa chakula upesi ili uso upate rangi. Kiazi kina maji karibu asilimia 80, tufaha lina kama asilimia 85. Kwa wingi wa maji hawapishani sana. Kinachopishana ni tunachokitaka. Kwenye kiazi tunataka ganda kavu. Kwenye tunda la kula kwa kijiko tunataka ulaini na rojo, na vyote viwili vinatokana na maji yale yale ambayo feni imekuja kuyafukuza.

Ukikata tufaha vipande vyembamba ukaviweka wazi mbele ya upepo ule, vinakauka kama nguo kambani. Kingo zinajikunja na kupiga weusi, uso unakuwa mkakamavu, na katikati bado panagoma kwenye kijiko. Mama alionja vipande vya namna hiyo, akaweka kijiko chini taratibu. “Mwanangu,” akasema, “hili nje limeiva, ndani bado liko mtini.” Kwa mtu mwenye meno yote, kipande cha hivyo kinalika. Kwake kilikuwa hakifai kabisa, na hapo ndipo nilipoacha kufuata dakika zilizoandikwa kwenye vijitabu nikaanza kuuliza tunda linalainikaje.

Jibu lake ndilo limebadilisha upishi wangu wote wa matunda. Seli za tunda zimeshikanishwa na pektini. Joto likifika kama nyuzi 85 na kuendelea, na maji yakiwepo, pektini inaanza kuyeyuka, seli zinaachana, na tunda linalainika. Joto peke yake halitoshi. Lazima unyevu ubaki ndani ya kipande mpaka kazi hiyo iishe. Kikaangio kinaleta joto kwa wingi lakini kinauondoa unyevu kabla pektini haijaachia. Kwa hiyo nikagawa mapishi kwenye sehemu mbili: kwanza mvuke, halafu upepo. Bakuli linafunikwa mpaka tunda liive, ndipo linafunuliwa ili uso upate rangi na harufu ya kuokwa. Mengine yote niliyojifunza yanategemea mpangilio huo.

Ninavyofanya ni hivi. Ninachukua matufaha matatu ya wastani, ninayamenya, ninatoa kokwa, ninakata vipande vya mchemraba vya kama sentimita 2. Ukubwa huo si wa kubahatisha. Vipande vidogo zaidi vinageuka uji kabla ya dakika za mwisho, vikubwa zaidi vinataka muda mrefu na kikapu hakina subira hiyo. Ninachanganya vipande na vijiko viwili vikubwa vya sukari, chembe ya chumvi, kijiko kidogo kimoja cha unga wa wanga wa mahindi, kisha ninaviacha dakika 10 hadi 15 huku ninaosha vyombo. Usiruke kungoja huko. Sukari inavuta maji kutoka kwenye tunda, na ukirudi utakuta kijito cha juisi chini ya bakuli. Juisi hiyo ndiyo itakayotoa mvuke chini ya kifuniko. Huhitaji kuongeza maji ya bomba, ambayo yangelipoozesha ladha.

Ninayeyusha kijiko kikubwa kimoja cha siagi, na mdalasini ninautia ndani ya siagi, nusu kijiko kidogo. Siunyunyizi juu. Unga wa mdalasini ulio juu ya chakula ni mwepesi. Feni inaupeperusha mpaka kwenye koili, na ule unaobaki unaungua na kuacha uchungu. Ukikorogwa ndani ya siagi unatulia, na mafuta yanabeba harufu yake vizuri zaidi kuliko maji yanavyoweza. Iliki iliyosagwa na kungumanga ninazitendea vivyo hivyo.

Bakuli ninalotumia ni la kauri linalovumilia oveni, kipenyo chake ni kidogo kuliko kikapu kwa kidole kimoja au viwili kila upande. Nafasi hiyo ni ya lazima. Bakuli likibana kikapu chote, hewa haishuki chini, na utapata juu pameungua na chini pabichi hata baada ya kuongeza muda. Sufuria ndogo ya bati inapata moto haraka kuliko kauri, kwa hiyo kwa chombo cha bati ninapunguza dakika mbili tatu. Cha kauri au kioo sikiingizi kwenye mashine iliyokwisha kupashwa moto kikiwa kimetoka kwenye friji, maana mshtuko wa joto unaweza kukipasua. Ninakiingiza mashine ikiwa bado baridi na kuviacha vipate joto pamoja.

Kifuniko ni karatasi ya foili, imekunjwa ikabana ukingo wa bakuli pande zote. Hapa niombe msomaji awe makini kuliko kwingine kote. Foili iliyolegea inainuliwa na upepo na inaweza kugusa koili. Karatasi ya kuokea ni hatari zaidi kwa sababu inashika moto. Kamwe usiitandike kwenye kikapu kitupu ukawasha mashine ili ipate joto kwanza, itaruka juu. Iwekwe tu pale ambapo kuna chakula kizito cha kuikalia. Na foili isigusane na tunda lenyewe, maana asidi ya tunda huitafuna alumini na kuacha ladha ya chuma.

Joto ni nyuzi 180, dakika 12 hadi 15 likiwa limefunikwa. Kisha ninalitoa, ninafunua foili kuanzia upande ulio mbali na uso wangu, kwa sababu mvuke unaotoka humo ni mkali, na ninachoma kipande kwa ncha ya kisu. Kisu kikipita bila kusukumwa, sehemu ya kwanza imeisha. Kisipopita, ninafunika tena na kuongeza dakika tatu. Sifunui mpaka kisu kipite, hata kama wageni wanangoja, kwa sababu baada ya kufunua tunda halilainiki tena kwa kiasi cha maana. Linakauka tu.

Limau nalo lina saa yake. Vitabu vingi vya mapishi husema ukikata tufaha lipake maji ya limau lisigeuke kahawia, na ni kweli, asidi inazuia kimeng'enya kinacholeta ule ukahawia. Lakini asidi hiyo hiyo inaipa pektini ukaidi. Tunda lililolowekwa kwenye limau linachelewa kulainika, na sukari nyingi inaongeza ugumu huo. Kwa watoto wangu, ambao wanapenda kipande chenye kushikika mdomoni, ninatia limau mwanzoni. Kwa bakuli la mama ninalikamua mwishoni, likishatoka kwenye moto. Ule ukahawia wa kukatwa haunisumbui. Tunda litapata rangi ya mdalasini hata hivyo.

Aina ya tufaha inaamua mambo mengi kabla hujawasha chochote. Granny Smith, la kijani na kali, linashika umbo lake vizuri na ukali wake unasawazisha sukari. Golden Delicious linalainika zaidi na lina utamu wa kutosha kupunguza sukari nusu. McIntosh linavunjika haraka likawa rojo, na wapo wanaolipenda kwa sababu hiyo. Mimi kwa mama ninachanganya la kijani moja na mawili matamu. Yale matamu yanavunjika kiasi na kutengeneza mchuzi, lile la kijani linabaki kwenye vipande laini ambavyo ulimi unaweza kuvihesabu. Tufaha lililokaa sana mpaka likawa na ungaunga ndani halipendezi likiliwa bichi, lakini kwenye bakuli lililofunikwa linafanya kazi vizuri tu.

Likishalainika, ninaweka vya juu. Hapa watoto ndio mabwana. Ninachukua gramu 50 za unga wa ngano, gramu 40 za oti bapa, gramu 35 za sukari ya kahawia, chembe ya chumvi, na gramu 40 za siagi baridi iliyokatwa vipande. Ninasugua kwa ncha za vidole mpaka unga unywe siagi yote. Kwenye oveni ya kawaida ningeishia hapo na kuumwaga juu ya tunda. Kwenye kikaangio sivyo. Chembe kavu za oti zinarushwa na feni, nyingine zinaishia kwenye koili na kutoa moshi. Kwa hiyo ninaufinya mchanganyiko ule mkononi mpaka utengeneze madonge, makubwa kwa madogo, ya ukubwa wa choroko hadi wa njugu mawe, kisha ninayapanga juu na kuyagandamiza kidogo yashike. Madonge ni mazito, hayaruki, na yanaiva nje yakiwa makavu na ndani yakiwa na ulaini wa siagi.

Sehemu ya pili ni nyuzi 170, si 180. Madonge yako karibu sana na koili kuliko ambavyo yangekuwa kwenye oveni, na sukari yake inaungua haraka. Dakika 8 hadi 10 zinatosha, nami ninachungulia baada ya dakika ya sita. Kuvuta kikapu kuangalia hakuharibu kitu. Mashine ni ndogo, joto linarudi upesi. Jirani yangu mmoja mzee, mpishi wa miaka mingi, aliwahi kuniambia kwamba oveni huifungui, unaiamini. Kwa oveni kubwa ninamkubalia. Kwa mashine hii ninachungulia bila hofu, maana kati ya rangi nzuri na kuungua pana dakika moja au mbili tu.

Mapishi ya oveni unaweza kuyahamishia humu kwa kupunguza joto nyuzi 20 hivi na kukata muda kwa kama sehemu moja ya tano. Ninaitumia kanuni hiyo kwa kuanzia, kisha ninaacha kisu na macho viamue, kwa sababu kikaangio cha lita 3 na cha lita 6 havipiki sawa hata vikiwekewa namba ile ile.

Si kila tunda linahitaji kifuniko. Matunda mengine yana kifuniko chao wenyewe, na ukilitambua hilo kazi inakuwa nyepesi sana. Pichi iliyokatwa nusu, kokwa likatolewa, inalazwa ngozi ikiwa chini na uso uliokatwa ukiwa juu. Ngozi inashika juisi yote na shimo la kokwa linapokea siagi na sukari kidogo. Nyuzi 180, dakika 8 hadi 10, bila bakuli wala foili. Plamu ni hivyo hivyo ila kwa dakika chache pungufu. Ndizi ninaipasua kwa urefu upande mmoja tu wa ganda, ninaifungua kidogo, ninatia siagi yenye iliki, na kuiweka nyuzi 190 kwa dakika nane hivi. Ganda linageuka jeusi kabisa nje na ndani ndizi inakuwa laini kama ilivyotakiwa. Iwe imeiva, yenye madoa ya kahawia. Ndizi ambayo bado ina ukijani imejaa wanga ambao haujageuka sukari, na kuipika hakutaifanya iwe tamu.

Nanasi ndilo tunda linalopenda upepo tangu mwanzo. Lina nyuzi imara na sukari nyingi, na hakuna anayelitarajia liwe rojo. Ninakata duara zenye unene wa sentimita moja na nusu, ninazifuta maji kwa kitambaa safi, na kuziweka moja kwa moja kwenye kikapu kwa nyuzi 200, dakika 10 hadi 12, nikizigeuza katikati. Kingo zinapata rangi ya dhahabu, na ule ukali unaowasha ulimi unapungua, kwa sababu kimeng'enya cha nanasi kinachomeng'enya protini kinaharibiwa na joto. Mama hawezi nanasi bichi, mdomo wake unachubuka. La moto analila, likikatwa dogo dogo na nyuzi ngumu za katikati zikiondolewa.

Matunda madogo yaliyogandishwa, ya zambarau na mekundu, yanatoa maji kuliko yote. Barafu imekwisha kupasua seli zake, kwa hiyo yanamwaga juisi mara tu yanapopata joto. Sihitaji kuyangoja yalainike, ninahitaji kuuzuia mchuzi usifurike. Kwa bakuli lenye gramu 400 ninatia vijiko vidogo vitatu vya wanga badala ya kimoja, ninafunika, na ninahakikisha mchuzi umetoa mapovu katikati kabla ya kuweka madonge. Wanga wa mahindi haushiki sawasawa mpaka ukaribie kuchemka. Ukitolewa mapema mchuzi unabaki mwepesi na una ladha ya unga mbichi.

Kisha kuna kungoja, nako ni upishi. Bakuli likitoka ninaliacha mezani dakika 10. Juisi yenye sukari inakuwa na moto mkali kuliko inavyoonekana, na inaunguza ulimi vibaya, hasa wa mzee na wa mtoto. Lakini pia ndani ya dakika hizo mchuzi unakuwa mzito, pektini iliyoyeyuka na wanga vinaanza kushika, na madonge ya juu yanakauka na kupata mvunjiko wake. Ladha nayo inabadilika. Ulimi husikia utamu zaidi kwenye chakula cha vuguvugu kuliko kwenye cha baridi. Ndiyo maana tunda la moto halihitaji sukari nyingi, na ndiyo maana nilipunguza vijiko vya sukari baada ya kuanza kuonja likiwa katika joto la kuliwa, si likiwa bichi kwenye bakuli la kuchanganyia. Kinachokwenda juu yake kiwe baridi na kisicho na utamu mwingi: mtindi mzito, au krimu isiyo na sukari. Aiskrimu ya vanila inapendeza kwa macho na watoto wanaililia, ila ikishayeyuka utamu wake unajitokeza zaidi, na tunda linapotea chini yake.

Kuna jambo ambalo halimo kwenye mapishi lakini linaharibu kitindamlo kuliko dakika zilizozidi. Kikaangio kilichopika samaki mchana kinamkumbuka jioni. Mafuta yanayorukia koili na dari ya mashine hayaonekani, na yakipata joto yanatoa harufu ambayo siagi na wanga vinaivuta bila huruma. Tufaha lenye harufu ya samaki hata uliongeze mdalasini halitengenezeki. Mimi ninaosha kikapu kila mara kwa maji ya moto na sabuni, na mashine ikiwa imechomolewa na kupoa kabisa ninaigeuza na kuifuta dari kwa kitambaa chenye unyevu. Sukari iliyomwagika na kugandia kwenye kikapu ninailoweka kwa maji ya moto mpaka iachie. Siiparui kwa chuma, utando usioshika chakula ukishachubuka haurudi. Kwa sababu hiyo hiyo situmii mafuta ya kopo la kupuliza humo ndani. Ninapaka siagi kwa brashi.

Kiasi kinachobaki, kama kinabaki, ninakitenganisha. Tunda linakwenda kwenye chombo chenye kifuniko ndani ya friji, madonge yanakaa peke yake, kwa sababu yakilala pamoja usiku madonge yananyonya mchuzi na kuwa ubwabwa. Kesho yake tunda linapashwa likiwa limefunikwa, nyuzi 160 kwa dakika tano au sita, na madonge yanawekwa juu kwa dakika mbili za mwisho. Mama hulitaka la asubuhi bila kupashwa, limechanganywa na mtindi, na madonge yake anampa mjukuu.